Siti saba si watu saba na mizigo yao

Mtu wa Dar akisema anatafuta gari la familia, usishangae dakika ya pili anataja Harrier au Vanguard. Anataka gari la kumfikisha kazini na watoto shuleni Jumatatu hadi Ijumaa, na Desemba liwapandishe wote Moshi au Mbeya. Kupenda gari la juu si dhambi. Ila ukianza na kimo, mambo mawili yanayokula pesa yanakupita: mafuta ya foleni, na uzito utakaobebwa siku ya safari.

Tuanze na foleni. Kutoka Kimara au Tegeta hadi mjini na kurudi, ukipitia shule, tuseme ni kilometa 40 kwa siku. Siku 22 za kazi ni kilometa 880 kwa mwezi. Toyota Wish ya siti saba yenye cc 1800, kwenye foleni huenda kilometa 9 hivi kwa lita. Vanguard ya cc 2400 huwa karibu na 7. Hapo ni lita 98 kwa 126, yaani lita 28 za ziada kila mwezi, na wikiendi hujaigusa. Sasa chukua safari. Dar hadi Mbeya ni kama kilometa 830, kwenda na kurudi 1,660. Barabarani moja ikienda 13 kwa lita na nyingine 10, utatumia lita 128 au 166. Tofauti ya safari nzima ni lita 38, imezidi kidogo tu ile ya mwezi mmoja wa kwenda kazini. Kwa hiyo injini ichague kwa kuangalia Barabara ya Morogoro saa moja asubuhi; mlima Kitonga wa njia ya Mbeya utaupita mara mbili kwa mwaka, tena taratibu nyuma ya lori.

TRA, mamlaka ya mapato, nao wana lao. Ushuru wa bidhaa unaruka kutoka asilimia 5 hadi 10 gari likivuka cc 2000, na gari lililopita miaka 10 tangu litengenezwe linaongezewa asilimia 30. Injini ya Vanguard, iitwayo 2AZ, ina cc 2362. Ya Wish, iitwayo 2ZR, ina cc 1797. Ingiza gari lako kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kumjibu wakala wa kuagiza magari, maana bei ya Japan peke yake haikuambii kitu.

Uzito ndio watu hawauulizi kabisa. Magari haya yalipangwa kwa ajili ya Japan, na huko kwenye hesabu ya uzito wa jumla wa gari kila abiria anawekwa kilo 55. Siti saba mara 55 ni kilo 385, basi. Humo ndani ni watu, mabegi, maji ya kunywa, kila kitu. Chukua familia ya kawaida: baba kilo 85, mama 75, bibi 65, watoto watatu wa 40, 30 na 20. Jumla 315. Zimebaki kilo 70, na wakati wa kwenda zinatosha mabegi. Wakati wa kurudi sasa! Kuna nusu gunia la mchele wa Kyela, mikungu miwili ya ndizi za Tukuyu, debe la viazi kutoka Uyole, na shangazi anayeomba lifti hadi Morogoro. Umeshazidisha kilo mia na ushee, na mabegi bado hujayarudisha ndani.

Gari lililozidiwa linaonekana. Nyuma imekaa, taa za mbele zinaangalia juu na kuwapofusha wanaokuja, usukani unakuwa mwepesi ukifika 100, na kwenye kila tuta tairi la nyuma linasugua plastiki ya ndani ya madigadi. Kile kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye namba kuanzia 0 ni cha kushusha taa ukiwa na mzigo. Wamiliki wengi hawajawahi kukigusa. Upepo wa tairi nao una kibandiko chake kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ujaze asubuhi tairi likiwa baridi, na kama kibandiko kina kipimo cha mzigo kamili, fuata hicho.

Fundi atakushauri spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi kuinua gari. Spesa inainua gari tupu. Springi inabaki dhaifu vilevile. Tena ukiinua sana mbele, draivshafti zinazozungusha tairi zinakaa kwenye pembe mbaya, raba zinazofunika jointi zinachanika, grisi inamwagika na baada ya miezi utaanza kusikia kwa-kwa-kwa ukikata kona. Weka springi ngumu za nyuma na shokapu mpya, zote mbili kwa pamoja. Na keria ya juu isikudanganye: paa la magari mengi ya aina hii linabeba kati ya kilo 50 na 75, na keria yenyewe imo kwenye hesabu hiyo.

Ndiyo maana Wish naiita gari la watu watano lenye siti mbili za dharura. Ukisimamisha siti ya tatu, nyuma kinabaki kinafasi cha kuingiza miamvuli na begi moja jembamba. Ukiilaza, buti ni kubwa na sakafu imenyooka. Familia ya wanne au watano inayompakia bibi siku mojamoja itaifurahia. Sienta ya kwanza ni ndogo zaidi, injini ya 1NZ ya cc 1500, lakini siti ya tatu inazama chini ya siti za katikati na mlango wa pembeni unateleza. Kwa mjini ni gari la akili sana. Kuipeleka Mbeya ikiwa na watu saba ni kuionea.

Kama mko sita au saba kila siku, nunua Noah. Hapo sina mjadala. Siti ya tatu inakunjwa na kuning'inia pembeni, na hata ikiwa imesimama bado nyuma unasimamisha mabegi. Nyingi zina AC ya nyuma, na mnaosafiri mchana mkivuka Mikumi na Ruaha Mbuyuni mnajua maana yake. Mafuta kwenye foleni ni kilometa 7 hadi 8 kwa lita. Hiyo ndiyo bei ya nafasi. Ukiinunua humu nchini, hasa ikitokea Arusha au Kilimanjaro ambako Noah zimebeba sana abiria, inua mkeka wa sakafuni uangalie matundu ya boliti yasiyo na kazi, alama ya siti za ziada zilizong'olewa, na vuta mlango taratibu. Reli iliyolika inafanya mlango uning'inie na kugonga ukikaribia kufunga.

Kwa wanne wasiohitaji siti ya tatu, Corolla Fielder inadharauliwa bure. Buti lake linameza mabegi manne, spea zimejaa Gerezani na Ilala, na hakuna fundi asiyeijua. Ningeichukua kabla ya Harrier yoyote ya bei hiyohiyo, maana Harrier ya bei ya Fielder ni ya zamani mno.

Injini. Noah ya AZR60 na Wish ya cc 2000 ya kizazi cha kwanza zina 1AZ-FSE, ile ya D4. Jina hilo linaogopwa mtaani, na kwa sehemu kubwa ni haki. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, kwa hiyo haioshi vali za kuingiza hewa. Moshi wa mafuta ya injini unaganda hapo, gari linatetemeka likiwa limesimama na linakosa nguvu mlimani. Pampu ya presha na nozeli hazipendi petroli chafu, na bei yake si ya plagi. Mafuta huwekwa alama za kemikali ziitwazo vinasaba kupambana na uchakachuaji, lakini tangi la chini lenye maji kwenye kituo cha pembezoni halitibiwi na vinasaba. Ukipata Noah ya ZRR70, iliyoanza 2007, umeondokana na D4. Wish ya kizazi cha pili, ya 2009 na kuendelea, vivyo hivyo. Kwenye hizi za injini za ZR tazama pampu ya maji: alama ya waridi iliyokauka pembeni yake ni kulanti inayovuja, nawe utachemsha katikati ya Kitonga. Mafuta ya injini ya 2ZR ni lita 4.2 ukibadilisha na filta, kwa hiyo galoni la lita 4 halifiki alama ya juu. Nunua na la lita moja.

Kinachowaliza watu zaidi ni gia boksi. Magari haya mapya yana CVT: mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na unashika kwa sababu ya aina ya mafuta yaliyomo. Fundi akimimina ATF, mafuta ya gia boksi za kawaida za otomatiki, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na safari imeisha. Toyota wana mafuta ya TC na ya FE, kila moja kwa gia boksi zake. Soma kitabu cha gari au kijiti cha kupimia, usimsikilize anayesema "yote ni CVT". Ukiyamwaga kwa boliti ya chini yanatoka karibu nusu tu. Kama yalikuwa meusi, rudia baada ya wiki chache. Siku ya kulijaribu gari, endesha kati ya 20 na 40 kwa saa ukikanyaga kidogo sana. Likitikisika kama linapita juu ya mabati, muage muuzaji. Kwenye kuteremka Kitonga au Sekenke toa D, weka S, B au gia ya mkono, injini ishike mwendo. Breki zilizochemka hazina onyo refu.

Sasa wale wanaoishi ndani, Madale, Goba, Chanika, ambako kilometa mbili za mwisho ni mfinyanzi. Hao wana haki ya kutaka gari la juu. Ila Harrier ya kuvuta mbele tu itateleza kwenye tope sawasawa na IST. Chungulia chini kwa nyuma: kama hakuna difu wala shafti inayotoka mbele, hiyo si 4WD, yaani ya kuvuta tairi zote nne, hata ikiwa na tairi kubwa. RAV4 au X-Trail ya 4WD ya cc 2000 inawatosha. Kwenye Vanguard na RAV4 za 2AZ, pima mafuta ya injini kwanza. Injini hiyo inajulikana kwa kunywa oili na kwa boliti za hedi kung'oa nyuzi kwenye bloku. Kulanti ikionekana inachuruzika nyuma ya injini, juu karibu na ukuta wa kabini ya dereva, hiyo si kazi ya gasketi peke yake.

Kwa gari lililoagizwa, dai karatasi ya mnada wa Japan inayoeleza hali yake. Daraja R au RA maana yake lilishagongwa likatengenezwa. Si lazima uliache, lakini bei ishuke. Angalia na tairi. Mengi huja na tairi za theluji zilizoandikwa STUDLESS ubavuni. Raba yake ni laini, kwenye lami ya joto ya Chalinze hulika haraka na haishiki vizuri kwenye mvua. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama kashata bado ni nene. Wish na Noah nyingi zinavaa 195/65R15, saizi inayopatikana hadi wilayani, na yenye namba 91 ya uwezo wa mzigo kila tairi linabeba kilo 615. Weka pesa ya tairi nne pamoja na la akiba kwenye bajeti kabla hujalipa gari lenyewe.