Mwigizaji wa Televisheni Afunzwe Kwanza Kunyamaza

Darasa la kwanza la uigizaji nililohudhuria lilianza kwa kilio. Tulisimamishwa mstari mmoja, tukapewa dakika tano ili kila mtu akumbuke msiba wake, na aliyetokwa na machozi mapema ndiye aliyesifiwa. Mimi nililia vizuri, nikapigiwa makofi, nikarudi nyumbani nikiamini kwamba kilichobaki ni kusubiri kuitwa. Miezi michache baadaye niliitwa kweli, nikapewa nafasi ndogo katika tamthilia, na karibu kazi yangu yote katika onyesho hilo ilikuwa kukaa kitini nikimsikiliza mwenzangu akieleza kwa nini ameiuza nyumba ya familia. Picha hiyo ilirudiwa mara tisa. Kila alipokuwa akisema, midomo yangu ilikuwa ikitembea pamoja na yake, kwa sababu nilikuwa nimekariri maneno yake pamoja na yangu, nami nilikuwa nikingoja zamu yangu kama mtu aliyepanga foleni.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu wanauona kuwa wa kikaidi: anayejifunza kuigiza kwa ajili ya televisheni afunzwe kunyamaza na kusikiliza kabla ya kitu kingine chochote, na machozi yaje mwishoni, au yasije kabisa. Sababu yenyewe inatokana na jinsi tamthilia zinavyopigwa picha na kuunganishwa. Watu wawili wanapozungumza, mara nyingi huanza kupigwa picha pana inayowaonyesha wote, kisha kamera huwekwa nyuma ya bega la mmoja ikamtazama mwenziwe, halafu ikageuzwa upande wa pili, na kila mara mazungumzo yaleyale hurudiwa tangu mwanzo. Mhariri akishazipata picha zote hizo ndiye anayeamua ni uso upi uonekane kwa neno lipi, na mara nyingi huona kwamba habari yenyewe iko kwa yule anayeambiwa: mke anayesikia uongo, au mtoto anayetambua kwamba siri yake imejulikana. Ukumbini mtazamaji huchagua mwenyewe pa kutazama, na aliyezubaa pembeni mwa jukwaa huweza kusalimika. Katika televisheni uso uliozubaa hujaza kioo kizima, na mhariri asipopata kitu ndani yake hukimbilia uso mwingine. Nimewasikia waigizaji wapya wakilalamika kwamba wamekatwa, ilhali kilichokosekana ni kitu ambacho hawakukitoa tangu mwanzo.

Hapa baadhi ya walimu huleta jaribio la Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi aliyefanya majaribio ya uunganishaji wa picha mwanzoni mwa karne ya 20. Inasimuliwa kwamba alichukua picha moja ya uso mtulivu wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, akaiunganisha kwanza na bakuli la supu, kisha na maiti jenezani, kisha na mwanamke, na watazamaji wakaona njaa, huzuni na tamaa katika uso uleule usiobadilika. Kutokana na hilo wanafunzi huambiwa, “Usifanye kitu, kamera itakufanyia.” Mimi naliona fundisho hilo kuwa la hatari kwa anayeanza. Ni kweli kwamba mtazamaji hujaza mengi, na kwamba nyusi zinazopandishwa kwa ajili ya kiti cha mwisho ukumbini huwa kichekesho zinapotazamwa kutoka hatua mbili. Lakini jaribio hilo lilihusu kipande kifupi cha picha, na onyesho la dakika tatu halibebwi na uso uliogandishwa. Picha ya karibu huonyesha macho waziwazi, na macho ya mtu anayetafuta neno lake linalofuata hayafanani na ya mtu anayepokea neno la mwenziwe, hata kama nyuso zote mbili zimetulia vilevile. Mtazamaji asiyejua lolote kuhusu uigizaji huitambua tofauti hiyo mara moja, ingawa hataweza kukueleza ameijuaje.

Kilio cha darasani kina historia yake, na ni vizuri mwanafunzi aijue ili asidhani kwamba ndiyo njia pekee. Konstantin Stanislavski, aliyeshiriki kuanzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, alijaribu kwa muda kumtaka mwigizaji achote hisia kutoka katika kumbukumbu za maisha yake mwenyewe. Huko New York, kundi lililoitwa Group Theatre, lililoanzishwa mwaka 1931, liliishika njia hiyo kwa nguvu chini ya Lee Strasberg. Mwaka 1934 mwenzao Stella Adler alikutana na Stanislavski jijini Paris, akafanya naye kazi kwa wiki kadhaa, kisha akarudi na habari kwamba mzee mwenyewe sasa anatilia mkazo mawazo, vitendo na hali aliyomo mhusika kuliko kumbukumbu za mwigizaji. Ugomvi uliofuata haukuisha. Mimi niko upande wa Adler, na si kwa sababu za kitabuni tu. Msiba wangu niliutumia mara nne katika siku moja ya kazi, na mara ya nne haukuwa na kitu tena. Jambo lililonisumbua zaidi ni kwamba wakati nikiukumbuka nilikuwa nimempa mgongo, moyoni, yule aliyekaa mbele yangu akizungumza nami.

Mtu wa tatu katika kundi hilo, Sanford Meisner, ndiye aliyetunga zoezi ambalo ningependa kila darasa lianze nalo. Wawili wanakaa wakitazamana. Mmoja anataja anachokiona, kwa mfano, “Umevaa shati jeusi,” naye mwenziwe anarudia, “Nimevaa shati jeusi,” na sentensi hiyo inaendelea kwenda na kurudi hadi jambo fulani kwa mmoja wao, pengine kicheko au kero, liibadilishe bila mtu kupanga. Kwa aliye pembeni ni zoezi la kuchosha kupita kiasi, nami nilipolifanya mara ya kwanza nililidharau. Baada ya siku kadhaa niligundua kwamba nilikuwa nimeacha kuisikiliza sauti yangu mwenyewe.

Kuna upande wa ufundi ambao wengi huupita haraka, nao pia unarudi palepale. Kwa kuwa onyesho hupigwa mara nyingi kutoka pande mbalimbali, mkono ulioinua kikombe kwenye neno fulani lazima ukiinue kwenye neno hilohilo kila mara, la sivyo picha haziunganiki. Isitoshe, maonyesho hayapigwi kwa mpangilio wa hadithi: yote yanayotokea katika chumba kimoja hupigwa pamoja, hivyo unaweza kuagana na mtu asubuhi na kukutana naye kwa mara ya kwanza jioni. Kisha kuna suala la sauti. Katika picha ya karibu, fundi sauti mara nyingi hukuomba usimkate mwenzako kauli, kwa sababu sauti mbili zikipandana mhariri hawezi kuzitenganisha. Maana yake ni kwamba unatakiwa kuwa na hamu kamili ya kumkatiza mtu, kisha uizuie kwa nusu sekunde, na hamu hiyo ibaki inaonekana. Anayesubiri zamu hana hamu ya kuzuia, na pengo alilolizua husikika kuwa pengo.

Najua hoja ya wanaonipinga. Wanasema tamthilia za kila siku hupigwa maonyesho mengi mno kwa siku, na kwamba hakuna mwongozaji mwenye muda wa kungoja watu wasikilizane. Mwenye kulia kwa amri ndiye anayeokoa ratiba. Kuhusu ratiba wamesema kweli. Ila kwa maoni yangu hoja hiyo inaniunga mkono, kwa kuwa palipo na haraka mwigizaji hufanya kile alichokizoea, na aliyezoea kusikiliza hahitaji kutengewa muda wa kufanya hivyo.

Mazoezi yake hayana gharama. Tazama tamthilia yoyote ukiwa umezima sauti, na umfuate kwa macho yule asiyesema. Kariri maneno yako kwa sauti bapa, bila kuyapamba, ili yasigande katika mapigo mamoja ambayo hutaweza kuyaacha mwenzako akibadili yake. Jirekodi kwa simu ukisomewa upande wa pili, halafu unapojitazama ruka sehemu zote unazosema. Sehemu ya mwisho inaumiza. Wengi niliowahi kuwafundisha hawakumaliza dakika moja.

Siku hizi huombwa kukaa nyuma ya kamera kwenye usaili na kuwasomea wanaojaribiwa maneno ya mhusika wa pili. Ni kazi isiyo na sifa, ila hakuna kiti kizuri zaidi cha kuwatazama watu. Wengi huja na kurasa ambazo maneno yao yamepakwa rangi ya njano, nami nikiwasomea huona macho yakishuka kwenye karatasi kutafuta njano inayofuata. Hivi karibuni alikuja msichana mmoja ambaye karatasi yake ilipakwa rangi kama za wenzake, lakini nilipoichungulia niliona kwamba alichokipaka ni maneno yangu. Nilimwuliza kama amekosea. Akanijibu kwamba yake anayajua.