Hesabu za kikundi zisitegemee kompyuta ya mtu mmoja

Huku Amu (Lamu) hesabu za vikundi vingi siku hizi ziko kwenye Excel. Wavuvi, akina mama wanaosuka makuti, wakata mikoko, mafundi wa majahazi kule Matondoni, kamati za madrasa: daftari la mkono bado lipo, lakini ukifika wakati wa kugawana pesa au kupeleka ripoti Mokowe, makao makuu ya kaunti, kinachoulizwa ni faili. Nimekuwa nikiwahimiza watu wafanye hivyo na nitaendelea kuwahimiza. Ndiyo maana linaniuma jambo hili moja: watu wenye ujuzi kuwatungia wenzao majedwali ambayo yanafanya kazi sawasawa kwenye kompyuta ya mtungaji peke yake.

Ninazungumzia fomula za kujitungia. Excel inakuja na fomula zake, kama SUM, IF na VLOOKUP, na zisipotosheleza, mtu anayejua VBA, lugha ya makro (maagizo yaliyoandikwa ili Excel iyatekeleze) iliyoingia Excel mwaka 1993, anaweza kuunda ya kwake na kuipa jina analotaka. Akiihifadhi kama programu-jalizi, faili lenye kiambishi cha .xlam, na kuiwasha mara moja, basi fomula ile inapatikana katika kila jedwali atakalolifungua. Anaandika jina lake, jibu linatoka. Baada ya wiki chache anasahau kabisa kwamba aliiunda yeye, kwa sababu mbele ya macho yake haina tofauti na SUM. Tofauti ipo, na ni kubwa: SUM iko katika kila Excel, na ile yake iko kwenye laptopu yake.

Nitatoa mfano wa mikoko kwa sababu naujua vizuri. Miti ya mikoko huuzwa kwa korija, miti ishirini kwa ishirini, na kila unene una jina lake na bei yake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kijana mmoja hodari anayekisaidia kikundi cha wakata mikoko aliwatungia fomula mbili. Ya kwanza aliiita KORIJA. Unaipa idadi ya miti, inakurudishia korija na miti iliyobaki. Ukiipa 348 inajibu "17 na 8". Ya pili, BEIMTI, inapokea jina la unene na idadi, inarudisha shilingi. Kwenye meza yake pale Langoni jedwali lilikwenda kama maji. Akalituma kwa WhatsApp kwa mweka hazina wa kikundi, mzee wa Kizingitini.

Siku ya kwanza mzee alilifungua na kila kitu kilikuwa mahali pake, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Excel huhifadhi ndani ya faili fomula pamoja na jibu lake la mwisho. Ukifungua faili kwenye kompyuta isiyo na programu-jalizi ile, unachokiona ni majibu ya juzi, yaliyokokotolewa kwingine. Yanapendeza, na yatabaki hivyo mpaka mtu aguse namba inayoyalisha. Mzee akasahihisha idadi ya boriti, maana mzigo mmoja ulihesabiwa pungufu. Seli ya jirani ikageuka #NAME?, alama ya kosa ambayo Excel huitoa ikikutana na jina isilolijua. Jumla iliyoitegemea seli ile nayo #NAME?. Mgao wa kila mwanachama, ambao ulitegemea jumla, #NAME? kuanzia juu mpaka chini.

Watu wakamuuliza: "Mzee, umebonyeza nini?"

Hakubonyeza kitu. Alifanya kazi ile ile aliyochaguliwa kuifanya. Lakini jedwali lilikuwa zima kabla hajaligusa na bovu baada ya kuligusa, na mbele ya wanachama hiyo inatosha kumtia mtu doa. Mweka hazina wa kijijini akishaonekana ameharibu hesabu, heshima yake haimrudii kwa maelezo ya fomula. Kwangu mimi hili ni zito kuliko usumbufu wote wa kiufundi.

Dawa ya kwanza inayomjia mtungaji ni kutuma programu-jalizi yenyewe. Inaonekana rahisi, lakini ina matatizo matatu. Kwanza, tangu mwaka 2022 Microsoft imeanza kuzuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, kwa hiyo faili la .xlam lililopakuliwa linaweza kukataa kufanya kazi mpaka mtu abonyeze faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, aingie kwenye sifa zake na aondoe kizuizi. Pili, likiwekwa kutoka kwenye flashi, Excel inaweza kuuliza kama ilinakili kwenye folda ya programu-jalizi ya mtumiaji yule. Ukisema hapana, inaendelea kulitafuta kwenye flashi, na flashi ikichomolewa fomula zimekwenda nayo. Ukisema ndiyo, linaingia kwenye folda yenye jina la mwenye kompyuta ile. Hapo unakutana na tatizo la tatu, ambalo ndilo linalowachosha watu. Mzee akibofya seli anakuta mahali pa =KORIJA(B7) pameandikwa kitu kama hiki:

='C:\Users\kijana\AppData\Roaming\Microsoft\AddIns\Hesabu.xlam'!KORIJA(B7)

Faili linakumbuka njia ya kompyuta lilikotoka. Programu-jalizi sasa imewekwa, imewashwa, na bado fomula inaitafuta kwenye folda ya mtu mwingine aliye kisiwa kingine. Kuna pa kurekebisha, chini ya Data, palipoandikwa Edit Links, kisha Change Source, unaielekeza kwenye faili lililopo. Inafanya kazi. Kisha mzee analirudisha jedwali Langoni, na safari hii njia iliyoandikwa humo ni ya folda ya mzee.

Na mtu wa kuja kumrekebishia yuko wapi? Kutoka Amu hadi Kizingitini ni safari ya mashua kupitia Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda maji yakitoka haupitiki. Unangoja maji yajae. Kumwelekeza kwa simu kupitia menyu ambazo hajawahi kuziona, huku mtandao ukikatika, nimewasikia watu wakijaribu. Mwisho wake mara nyingi ni ushauri mbaya kuliko yote: ingia kwenye mipangilio ya usalama, ruhusu makro zote, basi. Kwa ajili ya kugawanya kwa ishirini, kompyuta ya kikundi inaachwa wazi kwa makro ya kila faili litakaloletwa na mtu yeyote. Ushauri huo usitolewe kabisa.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Programu-jalizi ina faida ya kweli: fomula unaiandika mara moja, ukigundua kosa unalirekebisha mahali pamoja, na majedwali yote yanafuata. Ukiinakili ndani ya mafaili kumi na mawili una fomula kumi na mbili, na kosa utalikimbiza kila moja. Katika ofisi yenye mtu wa kompyuta anayezisimamia mashine zote, ambapo programu-jalizi inakaa kwenye folda ile ile, njia ile ile, kila mahali, naikubali bila wasiwasi. Kadhalika kwa kazi yako binafsi ambayo hakuna mwingine ataigusa. Lakini vikundi vyetu haviko hivyo. Faili moja linapita kwenye laptopu ya katibu yenye Excel ya mwaka 2010, kompyuta ya saiba yenye LibreOffice (programu ya bure inayofanya kazi kama ya Excel), na simu za wanachama. Makro za VBA haziendeshwi kabisa na Excel ya simu, wala ile ya kwenye kivinjari. Mwanachama mwenye simu yake mkononi ndiye msomaji mkuu wa jedwali hili, na ndiye ambaye programu-jalizi haitamfikia hata ufanye nini.

Kwa hiyo kabla ya kutunga, tazama kama kweli kuna haja. KORIJA yote inaandikika hivi:

=INT(B7/20)&" na "&MOD(B7,20)

INT (inayotoa korija kamili) na MOD (inayotoa miti iliyobaki) ziko katika kila Excel, ziko LibreOffice, ziko kwenye simu. Haipendezi macho kama neno moja KORIJA, lakini mzee wa Kizingitini anaweza kuibofya na kuona ishirini imekaa pale. Nimeona pia kamati ya madrasa ikitungiwa fomula ndefu ya kugeuza tarehe kuwa ya Hijria, ilhali Excel ya kompyuta inaijua kalenda hiyo tayari: =TEXT(A2,"B2dd/mm/yyyy") inatosha. (Ni kalenda ya hesabu, mwezi ukiandama kwa kuonekana, yaweza kupishana siku, kwa hiyo kwa Ramadhani na Idi wenye kuamua ni wale wale wanaotangaza mwezi.)

BEIMTI ilikuwa na ubaya mwingine, na hapa nataka kukaa kidogo. Bei zenyewe zilikuwa zimeandikwa ndani ya msimbo. Korija ya boriti ni shilingi kadhaa, ya mazio kadhaa, yote yamefichwa kwenye dirisha la VBA ambalo wakata mikoko hawalifungui na wengi wao hawajui kama lipo. Bei ya soko ikipanda, wa kuibadilisha ni mtungaji. Ikikosewa, wa kugundua ni mtungaji. Simshuku kijana yule hata chembe. Ni mwaminifu na alifanya kazi ile bila malipo. Lakini pesa ni za watu walioshinda kwenye tope la mikoko na shoka, maji yakiwafika kiunoni, na hawapaswi kumwamini mtu kwa sababu hawana njia ya kuangalia. Bei zikae kwenye ukurasa wake ndani ya faili, tuuite Bei, safu mbili tu: jina la unene, na shilingi kwa korija. Kisha:

=VLOOKUP(A7,Bei!$A$2:$B$8,2,FALSE)*B7/20

Siku ya mkutano ukurasa wa Bei unafunguliwa mbele ya watu. Anayesema mazio yameandikwa chini ya bei anaonyesha kidole, namba inabadilishwa, na mgao unajibadilisha palepale wakiona. Katika mambo yote niliyoyataja, hili ndilo ningependa watungaji wa majedwali walishike kwanza.

Zipo fomula ambazo hazina njia ya mkato. Inayoombwa sana ni ya kugeuza tarakimu kuwa maneno kwa ajili ya vocha na risiti: 12,500 isomeke "shilingi elfu kumi na mbili na mia tano". Excel haina fomula ya kujengewa ya kazi hiyo, na Microsoft wenyewe wametoa mfano wa VBA unaoandika kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili sharti uitunge. Sawa, itunge, lakini iweke kwenye moduli ya faili lenyewe na ulihifadhi kama .xlsm, isafiri pamoja na jedwali. Ukilihifadhi kama .xlsx makro zinatupwa. Mpokeaji bado ataulizwa kuhusu makro, na kwenye simu bado haitafanya kazi, kwa hiyo iwe kwenye seli ya maandishi peke yake, mahali ambapo hakuna hesabu inayoitegemea. Vocha ikikosa maneno, katibu ataandika kwa kalamu. Mgao wa wanachama usiguswe.

Kwa wenye Microsoft 365 au Excel 2024 ipo LAMBDA, iliyotangazwa mwishoni mwa mwaka 2020. Unatunga fomula kwa kutumia fomula nyingine, unaipa jina, na inakaa ndani ya faili bila makro yoyote. Naipenda, ila matoleo ya 2016 na 2019 hayaielewi, na huku kwetu kompyuta za matoleo hayo ndizo nyingi ninazokutana nazo. Majedwali ya Google nayo yana fomula za kujitungia zinazoambatana na faili lenyewe, hata ukilinakili. Penye mtandao wa kuaminika ni njia nzuri. Kizingitini mvua ikinyesha, sijui.

Ombi langu kwa kila anayetengeneza jedwali la watu: kabla hujalituma, zima programu-jalizi zako zote, funga Excel, ufungue faili upya, kisha bonyeza Ctrl+Alt+F9. Hiyo inailazimisha Excel ikokotoe kila fomula upya badala ya kukuonyesha majibu yaliyohifadhiwa, na utaona atakachokiona mwenzio. Kufunga na kufungua bila kukokotoa hakutoshi, kwa sababu ile niliyoitaja ya majibu ya juzi. Na mwezi ukishafungwa na pesa zikagawanywa, nakili ukurasa wa mgao, bandika thamani peke yake bila fomula, uhifadhi na tarehe yake. Nakala hiyo itafunguka kwenye simu, kwenye kompyuta ya saiba, na kwenye Excel ya miaka kumi ijayo hata kama aliyetunga fomula amekwisha hamia Mombasa.