Kiswahili cha kaunta

Jumamosi nilikuwa Belgrave Road, hapa Leicester, Uingereza, nachagua mihogo huku naongea na dada kwenye simu. Bibi mmoja wa Kihindi, sari chini na koti zito la baridi juu, akanishika mkono. "Acha hiyo, mwanangu, iko na nyuzi mingi." Akachukua muhogo mwingine, akaukwaruza ganda kwa ukucha, akanionyesha weupe wake. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba kama mtu aliyekuwa anaingoja. Kazaliwa Jinja, Uganda, Idi Amin akawafukuza Wahindi mwaka 1972 yeye akiwa binti mdogo. Akaniuliza: mama mzima? Mvua huko imenyesha?

Nimerudi nyumbani na furaha, na njiani furaha ikageuka hasira.

Mimi nimekulia Dodoma. Mama amefua nguo Uhindini miaka tisa, na miaka yote hiyo chai yake aliinywea kikombe cha bati kilichokaa peke yake chini ya sinki, mbali na vikombe vya wenyewe. Kiswahili alichokisikia mle ndani kilikuwa lete, peleka, fagia, funga mlango. Habari za mvua hakuulizwa hata siku moja. Lugha ni ileile ya yule bibi! Kwa nini nilazimike kuvuka bahari ndiyo niulizwe hali ya mama yangu?

Najua mtakavyosema. Huyu kafika Ulaya, kala baridi miaka miwili, anakuja kutufundisha kuishi na watu. Sifundishi mtu. Kikombe kile nimekiona kwa macho yangu, na ninayo haki ya kukisema.

Mwingine atasema Wahindi walitunyonya, mbona unawaonea huruma. Haya, na sisi Kiswahili chetu kwao kilikuwa kipi? Mbele ya kaunta "ndiyo bosi", tukitoka nje tunaigiza lafudhi yao na kucheka. Mtu babu yake kazaliwa Tabora tunamwambia arudi kwao. Kwao wapi? Suala hili lilifika bungeni Oktoba 1961, na Nyerere akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kugawa uraia kwa rangi ya ngozi. Hazina yetu ilishikwa na Amir Jamal, Mhindi mzaliwa wa Mwanza. Kwa jirani zetu, Makhan Singh, Mhindi kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama Nairobi mwaka 1950 akadai uhuru wa Afrika Mashariki, Waingereza wakamweka kizuizini mpaka 1961. Pio Gama Pinto, mwanasiasa Mkenya wa asili ya Goa, India, alipigwa risasi langoni kwake mwaka 1965, Kenya ikiwa huru tayari. Hao nao warudi kwao?

Wala msidhani Uingereza iliwapokea kwa maua. Mwaka huohuo wa 1972 halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije. Wakaja hivyohivyo. Wakaja na kisu, fagio na sufuria, maneno yetu hayo, wameyachanganya na Kigujarati chao hadi leo. Muhogo wanauita mogo, na wajukuu wasiojua Jinja iko wapi wanauagiza mkahawani kwa jina hilo. Nikisikia hivyo moyo unajaa, siwezi kuficha.

Kinachoniuma ni kwamba hapa hakuna kaunta kati yangu na yule bibi kwa sababu wote wawili ni wageni. Kule kwetu, ambako wote tulikuwa wenyeji, ilikuwepo, kila upande ukaiegemea na hakuna aliyeona haya. Salamu ile ya Belgrave Road naitaka Uhindini, wakati mama bado ana masikio ya kuisikia.

Jioni nilimpigia nikamsimulia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kweli kaulizia mvua?" Nikamwambia ndiyo, mama, na wewe kakuulizia. Akasema nikikutana naye tena nimwambie imenyesha siku tatu, mtama umeota.