Nefesh: koo, pumzi, au roho isiyokufa?

Jaribu kusema kwamba nefesh, neno la Kiebrania ambalo Biblia zetu hulitafsiri nafsi au roho, si roho isiyokufa iliyopangishwa mwilini, uone kama hutaulizwa: "Kwani wewe Msabato?", maana Wasabato ndio wanaojulikana kwa kukana kwamba roho haifi. Mjadala unafungwa kabla neno lenyewe halijafunguliwa.

Mwanzo 2:7, Adamu anapuliziwa pumzi puani na, kwa maneno ya Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya 1952, anakuwa "nafsi hai". Kiebrania ni nefesh hayya. Rudi nyuma hadi 1:24, nchi inapoamriwa kutoa wanyama wa kufugwa na vitambaavyo: nefesh hayya ileile, ila safari hii Kiswahili kinasema "kiumbe hai". Mfasiri hakukosea, lakini msomaji wake hawezi kujua kwamba Adamu na mbuzi wameitwa jina moja. Na Adamu hakupewa nefesh, alikuwa nefesh.

Ukichimba zaidi unakuta koo. Anayezama katika Zaburi 69 analia kwamba maji yamefika "mpaka nafsini mwangu". Miaka mingi nilidhani ni majonzi ya moyoni, kumbe ni maji ya shingo! Katika Isaya 5:14 kuzimu inapanua nefesh yake, na hapohapo kinatajwa kinywa. Katika Hesabu 11, Waisraeli waliochoshwa na mana wanakumbuka samaki na matango ya Misri, kisha wanalalamika: "roho zetu zimekauka". Ni nefesh tena, na hapa tafsiri imepiga penyewe, maana kwetu kumkaba mtu roho ni kumkaba koo, na mlafi ni mroho. Sasa soma Mithali 23:2: mlafi anayeambiwa ajitie kisu kooni anaitwa ba'al nefesh, yaani mwenye nefesh. Mroho hasa. Mswahili hapo hahitaji mkalimani. Hata "nafsi" yetu, tuliyoipata kwa Waarabu, ni ndugu wa damu wa nefesh.

Kisha Hesabu 6:6, Mnadhiri, yaani mtu aliyejitenga kwa nadhiri kwa Mungu, anakatazwa kukaribia maiti. Kiebrania: nefesh met, nefesh iliyokufa. Kwa neno linalodaiwa kubeba kutokufa, huo ni mzigo mzito.

Wanaoshikilia roho isiyokufa nao hawakuja mikono mitupu. Raheli anapokufa, nefesh yake inatoka (Mwanzo 35:18). Eliya anaomba nefesh ya mtoto wa mjane imrudie, nayo inarudi (1 Wafalme 17). Mimi naona ni uhai, kwa kuwa sura hiyohiyo imekwisha kusema mtoto aliishiwa pumzi, ila sishangai mtu akiona zaidi. Hoja yao nzito ni nyingine: imani haijengwi kwa kamusi ya neno moja. Wayahudi wa Alexandria walioanza kutafsiri Torati kwa Kigiriki katika karne ya 3 kabla ya Kristo waliandika psukhe mahali pa nefesh, neno ambalo mwanafalsafa Plato alikuwa ameshalipa kutokufa, na ndilo lililo katika Mathayo 10:28, kuhusu wauao mwili wasiweze kuua roho. Mstari huo ni wao, hadi nusu yake ya pili, inayomtaja awezaye kuangamiza mwili na roho pia.