Hema la kuvizia bata mzinga: hoja nzito ni ya majeruhi

Bata mzinga wa mwituni hana pua ya kutegemea, ila macho yake ni balaa. Yako pembeni mwa kichwa, yanatambua rangi, na akizungusha shingo kidogo tu ameshaona pande zote. Mwenye bunduki anaweza kutulia tuli chini ya mti na kusogeza kidole tu. Mwenye upinde lazima avute kamba, na ndege akiuona mkono huo ukirudi nyuma, anatoweka. Ndiyo maana huko Marekani, kila majira ya machipuko, wawindaji wengi wa upinde huingia kwenye hema dogo lenye kitambaa cheusi ndani, wakasimamisha bata wa bandia nje ili dume asogee.

Wapinzani wa hema hili wana malalamiko mawili. La kwanza, kwamba linaua ufundi, halinishawishi. Hema halimwiti ndege. Bado ni lazima ujue mti aliolala, njia anayoshika akishuka alfajiri, na namna ya kuiga sauti ya jike bila kupitiliza. Hata humo ndani pana kazi: ukiacha dirisha la nyuma wazi, mwanga unakuanika. Tena mshale hutoka chini kidogo ya mstari wa jicho, kwa hiyo unaweza kuliona windo vizuri kabisa, kumbe mshale unakwenda kuchana kitambaa.

La pili ndilo linaloniuma. Bunduki ya marisau hulengwa kichwani na shingoni, ndege akaanguka papo hapo. Mshale wa mwilini huua kwa kumwaga damu, na mahali penye moyo na mapafu ni padogo kama ngumi. Dume akijitutumua mbele ya yule wa bandia, mkia umefunguka na mabawa yanaburuta chini, sehemu kubwa ya unachokiona ni manyoya matupu. Mshale unapita humo, naye anaruka na jeraha kwenda kufia vichakani.

Watetezi hujibu kwamba hema humleta ndege hadi mita 10, akapigwa bila papara. Ni kweli, na hapo wako imara. Lakini starehe ile ile ya kiti na kivuli humtia mtu tamaa ya kujaribu mita 35 dume akigoma kusogea.

Ndege huyu alikaribia kumalizwa mwanzoni mwa karne ya 20. Alirudishwa kwa kunaswa na nyavu na kuhamishiwa misitu mingine, kazi iliyosaidiwa sana na kodi ya bunduki na risasi chini ya sheria ya Marekani ya 1937 iitwayo Pittman-Robertson. Baadaye pinde na mishale navyo vikatozwa, kwa hiyo wenye upinde nao wamechangia. Ila sasa idadi imeshuka katika majimbo kadhaa ya kusini-mashariki. Mwaka 2022 jimbo la Georgia lilipunguza kiwango cha msimu cha kila mwindaji kutoka madume 3 hadi 2. Mwindaji huripoti ndege aliyemtia mkononi. Aliyefia vichakani hahesabiwi na mtu.

Kwa hiyo hema libaki, umbali ubanwe. Mwindaji afanye mazoezi akiwa amekaa kwenye kiti kile kile, ndani ya hema lile lile, na bata wa bandia asimamishwe hatua chache tu kutoka dirishani. Dume akikomea zaidi ya mita 20, aachwe aende zake.