Bei ya Mbweha Mweupe Hupangwa Mbali

Wanaopinga utegaji wa mbweha weupe kwa ajili ya manyoya kaskazini mwa Kanada huanza na mtego wa chuma unaobana mguu, na hapo wana hoja nzito. Mnyama aliyenaswa anaweza kukaa kwenye baridi kali saa nyingi, hata siku, mpaka mtegaji apitie mitego yake. Jumuiya ya Ulaya iliupiga marufuku mtego huo kwa sheria ya mwaka 1991. Frank Conibear, mwenyewe mtegaji wa Kanada, alibuni mtego mwingine ili mnyama afe upesi. Kusema "ni mila" hakuondoi maumivu hayo.

Na mila yenyewe tuiangalie vizuri. Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini hiyo, walitega mbweha tangu kale kwa mitego ya mawe, lakini chakula na mavazi yao vilitokana hasa na sili, wanyama wa baharini, na kulungu wa kaskazini. Mbweha akawa mhimili wa uchumi pale kampuni ya biashara ya manyoya ya Hudson's Bay ilipotandaza vituo vyake katika pwani za aktiki mwanzoni mwa karne ya 20. Mtegaji alikopeshwa risasi, chai na unga, akalipa kwa ngozi. Miaka ya 1920 bei ilipanda sana; miaka ya 1930 ikaanguka. Mbweha naye hutegemea lemingi, panya wadogo ambao huongezeka na kupungua kila baada ya miaka 3 au 4 hivi. Familia iliyopunguza kuwinda sili ili ishughulikie mitego ilijikuta, msimu ukiwa mbaya, haina ngozi wala nyama.

Hata hivyo, siungani na wanaotaka soko lote lifungwe. Mwaka 1983 Ulaya ilizuia ngozi za watoto wa sili. Wainuit waliuza hasa ngozi za sili wakubwa wa aina nyingine, lakini bei ya ngozi hizo nayo iliporomoka, na fedha zikakauka vijijini. Walioamua walikuwa mbali, kama wafanyabiashara wa zamani wa manyoya.

Skandinavia ni habari nyingine: huko uwindaji wa manyoya ulikaribia kummaliza mbweha huyu, Sweden ikamlinda mwaka 1928 na Norway mwaka 1930, na bado ni wachache. Huko marufuku ibaki. Kwa Kanada, mtego wa kubana mguu uachwe, ngozi iendelee kuuzwa. Anayetaka zaidi ya hapo awaambie wawindaji petroli na risasi za kutafutia nyama watazinunua kwa fedha gani.