Gemu Nimeinunua, Ila Bado Haijafika

Mimi si mtu wa malalamiko. Uliza yeyote pale Bombo, Uganda. Lakini jana nimetoa shilingi 150,000 za jasho langu, nikanunua diski ya gemu ikiwa ndani ya nailoni yake, nikaitia kwenye PlayStation, mashine ya gemu ya Sony, nikajikunja kwenye kochi kama bwana harusi, na kioo kikaniambia kwa adabu kabisa: pakua GB 94 kwanza.

Nipakue? Sasa kwenye diski kuna nini, picha ya gemu?

Kwa bando ninalonunua mimi, GB 94 ni Ramadhani hadi Ramadhani. Na kila bando, tangu 2021, serikali ina asilimia 12 yake humo.

Kuna kijana Kisenyi, Kampala, ana kafe yenye intaneti ya waya, ukisikilizana naye anakupakulia. Nikaifunga mashine kwa leso ya mke wangu, nikapanda teksi nimeipakata kama mtoto mwenye homa. Kondakta akanitoza nauli ya mzigo. Hilo naliacha.

Mlangoni pa jengo, askari. Mtu wa makamo, bunduki yake kongwe kuliko mimi, Kiswahili chake cha kambini.

“Fungua hiyo.”

“Habari ya kazi, afande. Ni mashine ya gemu. Naipeleka ikapakue.”

“Ipakue nini?”

“Gemu.”

“Na hii sahani?”

“Hiyo ndiyo gemu.”

Akaishika diski, akaigeuza, akajiona uso, akaweka sharubu sawa.

“Gemu iko mkononi. Juu unafuata gemu gani?”

Nikamweleza taratibu, kama mtu aliyesoma, kwamba siku hizi wenye kutengeneza wanaiuza kabla hawajaimaliza, halafu inayobaki wanaituma kwa intaneti, wanaiita apdeti.

“Ulilipa nusu?”

“Nililipa yote.”

“Wakakupa nusu.”

“Ndiyo, afande.”

“Na nauli ya kufuata nusu ingine?”

“Yangu.”

Akageuka. “Okello! Njoo usikie huyu.”

Okello akaja. Nyuma yangu foleni imefika barabarani, mama mmoja ana beseni la ndizi kichwani, na mimi heshima yangu ikaanza kuniponyoka. “Afande, si mimi peke yangu! Gemu ya Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020 ikiwa mbovu mpaka Sony wakaiondoa dukani kwao miezi sita! Gemu ya Concord, 2024, ilidumu wiki mbili ikafungwa, watu wakarudishiwa pesa! Mwaka 2006 wengine waliuza deraya ya farasi dola mbili na nusu! Farasi wa kwenye kioo!”

“Farasi anavaa?” Okello akauliza.

“Anavaa, afande.”

“Kwetu Lira nina ng'ombe wanne. Hata kengele hawana.”

Yule mkubwa alikuwa bado anafikiri. Akanyanyua mguu. “Mimi kampuni ilinipa buti ya kushoto Machi. Ya kulia ikaja Mei. Hiyo nayo ni apdeti?”

Ningemjibu nini? Ni apdeti.

Mama wa ndizi akasema tumalize, watu wana njaa.

Na mtu asiniambie eti gemu za siku hizi ni kubwa ndiyo maana. Gemu ya GTA San Andreas, 2004, miji mitatu, jangwa, milima, ndege za kurusha, vyote kwenye diski moja ya PlayStation 2. Unatia, inaanza. Kasoro zilikuwamo, tukazizoea kama tunavyozoea majirani. Hakuna aliyekudai dola kumi kwa shati la CJ, yule unayemchezesha. Ukitaka shati unaiba pesa mtaani kama mtu mzima, unakwenda kununua. Hayo masanduku ya bahati wanayouza ndani ya gemu, unalipa hujui kilichomo, sijayagusa kamwe. Ubelgiji ilishayaita kamari 2018, na mimi naswali swala tano.

Kafe, basi. Saa nne nzima nimekaa kwenye kigoda. Asilimia 97, umeme ukakatika mtaa mzima. Kijana akasema usijali mzee, itaendelea ilipoishia. Uliporudi ikaanza sifuri. Mzee! Nina miaka thelathini na nane.

Nikashuka na mashine yangu kwapani. Afande akaniona kwa mbali. “Nusu umepata?” Sikumjibu. Okello ndiye aliyecheka.

Nimefika nyumbani usiku, mke wangu hajauliza gemu, hajauliza nimekula. Leso iko wapi? Leso imebaki kwenye meza ya askari, Kisenyi, alipoifungua. Na doti ni leso mbili. Sasa ameshika moja, ananitazama, na Ijumaa ana harusi Luwero.